Krapf na deni la Wakristo kwa Mji wa Kale

Mkristo wa Mombasa anapopiga magoti kuomba kwa Kiswahili, hutumia maneno ambayo mengi yake yalitamkwa misikitini karne nyingi kabla ya kutamkwa makanisani. Huungama dhambi, huomba rehema, hutoa sadaka, huwataja malaika na manabii, na hukiri imani yake. Ni wachache wanaojiuliza maneno hayo yaliwafikiaje. Wako wanaoamini kwamba lugha ya ibada zao ililetwa na meli kutoka Ulaya ikiwa imekwisha kutengenezwa, pamoja na kengele na vitabu vya nyimbo. Wako na wengine, upande wa pili, wanaodhani kwamba Mkristo asemaye maneno hayo amevaa vazi lisilokuwa lake. Makosa haya mawili yana tiba moja, nayo ni kuyatazama upya maisha ya Johann Ludwig Krapf. Jina lake hufundishwa katika shule zetu, lakini kazi yake kubwa kuliko zote, iliyoanzia katika vichochoro vya Mji wa Kale, haijulikani ipasavyo.

Shuleni Krapf hutajwa kwa ajili ya mlima. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona kwa mbali Mlima Kenya na theluji yake, akaliandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba, na jina hilo ndilo lililokuja kuwa la nchi nzima. Habari hii ni ya kweli na ina nafasi yake. Hata hivyo, mlima ulikuwako, na wenyeji walikuwa wakiuona kila asubuhi bila ya kuhitaji msaada wa Mjerumani. Jambo ambalo halikuwako kabla ya Krapf ni Maandiko ya Kikristo katika lugha ya Waswahili. Humo ndimo tunamopaswa kumtafuta.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa la mtoto mwingine, na kipigo hicho kikamlaza kitandani kwa muda wa miezi 6. Katika ugonjwa huo alijizoeza kuisoma Biblia, na alipopata nafuu aliwasimulia wavunaji mashambani habari za watu wa kale aliozisoma humo. Inafaa tulikumbuke jambo hili. Kwake yeye Maandiko yalianza kuwa faraja ya mtoto aliyeonewa, kisha yakawa mazungumzo ya watu wenye mundu mkononi. Masomo ya vyuoni, katika chuo cha wamisionari cha Basel na katika Chuo Kikuu cha Tübingen, yalikuja baadaye.

Mwaka 1837 alipelekwa Uhabeshi na shirika la kimisheni la Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Alikaa huko miaka kadhaa, akajifunza Kiamhara na lugha ya kale ya kanisa la huko, na akakusanya miswada ya thamani. Tamaa yake kubwa ilikuwa kuwafikia Waoromo. Mwaka 1842 alimwoa Rosina Dietrich huko Misri, lakini walipotaka kurudi kazini njia ya kuingia Uhabeshi ilikuwa imefungwa. Katika safari hiyo ya taabu mtoto wao wa kwanza alizaliwa jangwani na akafa huko huko. Walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Basi Krapf hakuja Mombasa kwa kuwa aliipenda Mombasa. Alikuja akitafuta mlango wa nyuma. Alifikiri kwamba kutoka pwani hii angeweza kupanda kuelekea kaskazini hadi kwa Waoromo aliokuwa amezuiwa kuwafikia. Mwezi Januari 1844 alifika Unguja, akapokewa kwa heshima na Sayyid Said bin Sultan, naye akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake kuwa ni mtu mwema astahiliye kusaidiwa. Mwezi Mei mwaka huo huo yeye na mkewe walikuwa wamekwisha kukaa Mombasa. Kwa maneno mengine, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani ya Kenya aliingia kwa idhini na ulinzi wa mtawala Mwislamu. Hilo halitajwi mara nyingi katika sherehe za makanisa yetu.

Ni lazima pia tujue mji aliouingia ulikuwa mji wa namna gani. Ukristo haukuwa mgeni kabisa kisiwani. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino walikuwa na makao yao hapa. Lakini dini ile ilishuka kutoka merikebuni pamoja na mizinga. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliwaasi, akarudi katika Uislamu, na Wakristo wengi wakauawa. Mwishoni mwa karne hiyo Waarabu wa Oman waliitwaa ngome. Ukitaka kujua Ukristo ule uliacha nini katika fikira za watu wa mji, itazame lugha. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba neno letu gereza linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Nyumba ya sala iliyokuwa ndani ya kuta za ngome ilikuja kufahamika kuwa nyumba ya kufungia watu. Sijui hukumu iliyo kali zaidi kuliko hiyo, na wala haikuandikwa na mwanahistoria yeyote. Ilitolewa na watu wa kawaida katika mazungumzo yao ya kila siku.

Mji huo ulikuwa pia na jeraha bichi. Utawala wa Wamazrui ulikuwa umeangushwa na Sayyid Said mwaka 1837, miaka 7 tu kabla ya Krapf kufika. Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mvita, alikuwa amefariki miaka michache nyuma. Kiswahili alichokikuta Krapf kilikuwa lugha iliyokwisha kupigwa msasa na washairi, wanavyuoni, mabaharia na wafanyabiashara. Kilikuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu, kikiwa na tenzi za dini na mashairi ya siasa. Yeyote asemaye kwamba wamisionari ndio waliotupatia lugha ya maandishi anasema jambo ambalo Krapf mwenyewe asingalilisema. Yeye ndiye aliyekusanya miswada ya tenzi na kuipeleka Ujerumani, ambako baadhi yake ilihifadhiwa.

Tarehe 8 Juni 1844, wiki chache tu baada ya kuhamia mjini, Krapf alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hakukaa peke yake. Aliketi na Sheikh Ali bin Mohaddin, mwenye asili ya Barawa, ambaye ndiye aliyekuwa Kadhi wa Mombasa. Naomba msomaji atue kidogo hapa. Kazi ya kuliweka Neno la Mungu la Wakristo katika Kiswahili ilianza kwa msaada wa hakimu wa sheria ya Kiislamu, ndani ya mji wa Kiislamu, kwa lugha ambayo hakimu huyo aliijua na mgeni wake hakuijua. Krapf alijua Kiarabu, na kwa njia hiyo wawili hao waliweza kufahamiana. Na kitabu chenyewe kilikuwa kile ambacho wote wawili wangeweza kukikalia bila ya kuwa wageni: habari za Adamu, Nuhu, Ibrahimu, Isihaka, Yakubu na Yusufu.

Mwezi mmoja baadaye mauti yaliingia nyumbani. Rosina alijifungua mtoto wa kike mapema mwezi Julai, na homa ikamshika. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Rosina alifariki tarehe 13 Julai 1844, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Kwa mapenzi ya Rosina mwenyewe alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo leo ni Nyali, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao jambo lililowaleta. Krapf aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi moja la mmisionari katika pwani hii lilikuwa dalili kuwa kazi imekwisha kuanza.

Yapo mambo ambayo msomaji wa Kitabu cha Mwanzo hawezi kuacha kuyaona hapa, hata kama Krapf hakuyasema. Ndani ya kitabu hicho kuna sura nzima inayoeleza jinsi Ibrahimu, akiwa mgeni katika nchi ya watu wengine, alivyofiwa na mkewe Sara, na jinsi alivyosimama mbele ya wenyeji akiomba mahali pa kumzika. Ahadi ya nchi kubwa aliyokuwa amepewa ilianza na kipande cha ardhi cha kaburi. Krapf alikuwa na kitabu hicho mezani katika majira yale yale. Mfasiri wa kawaida hutafuta neno la kueleza jambo alilolisoma. Krapf alilazimika kulisoma neno kwa kutumia jambo lililompata. Nadhani hii ndiyo maana ya kweli ya kulipata fumbo la Maandiko katika maisha ya kila siku. Kupamba msiba kwa aya hakutoshi. Mtu huisoma aya akiwa ndani ya msiba, na ndipo anapoona kwamba waliomtangulia walipita hapo hapo.

Watu wa pwani, Waislamu kwa Wakristo, humwita mtu aliyekufa marehemu. Maana ya asili ya neno hilo ni mtu aliyerehemiwa. Kila tunapomtaja maiti wetu kwa jina hilo tunatoa dua bila ya kujijua. Yeyote anayelitumia jina hilo kumtaja Rosina anamtakia rehema kwa ulimi wa Mji wa Kale, mji uliokuwa umempokea kwa wiki chache tu.

Hapa nataka kuingia katika mambo ya taaluma yangu, kwa maana ndipo penye kiini cha hoja. Maneno makuu ya imani ya Kikristo katika Kiswahili yametoka katika mashina mawili. Shina la kwanza ni Kiarabu: dhambi, toba, rehema, neema, imani, sala, injili, nabii, malaika, msalaba, hata neno kanisa lenyewe. Shina la pili ni la Kibantu: Mungu, mwokozi, wokovu, ufufuo, utakatifu. Mara nyingine mashina haya yameunganishwa katika jina moja. Katika Roho Mtakatifu, roho ni neno la asili ya Kiarabu, na utakatifu unatokana na kitenzi chetu cha kutakata. Hakuna mtu aliyekaa ofisini na kuamua kuchanganya hivyo. Lugha ya Mvita na ya Unguja ilikuwa hivyo tangu zamani, na wafasiri walioifuata njia iliyofunguliwa na Krapf waliikuta hivyo.

Maneno hayo yalikuja na maisha ndani yake. Kuokoa, kwa mtu wa pwani, ni kazi ya mikono: unaokoa mtu majini, unaokoa mali motoni. Neema ni mwaka wa mvua njema na ghala lililojaa. Riziki ni samaki anayeingia wavuni kwa mvuvi wa Mji wa Kale, au mteja anayesimama mbele ya duka, au mtoto anayezaliwa. Jambo ambalo mtu hulitafuta kwa jasho lakini hawezi kuliamuru. Watafsiri wa Biblia ya Union Version walipofika katika ombi la chakula cha kila siku, katika sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, walitumia neno riziki badala ya mkate. Mimi naona kwamba walilipatia ombi hilo maana ambayo neno mkate lisingaliweza kuibeba katika pwani ya watu wa wali na samaki. Mvuvi wa Kikristo anayetia ngalawa majini alfajiri hahitaji mhubiri wa kumweleza maana ya ombi lile. Bahari imekwisha kumweleza.

Haya ndiyo mambo ambayo Krapf alianza kujifunza kwa shida. Msomi kutoka Tübingen alikuwa anajua tafsiri ya neno neema katika Kiyunani na katika Kijerumani. Hakujua Mswahili huona nini moyoni mwake anapolitamka. Hilo lilikuwa mikononi mwa Kadhi, na mikononi mwa wachukuzi, wavuvi na majirani. Kwa kufundishwa nao alitayarisha kitabu cha sarufi kilichochapishwa Tübingen mwaka 1850, na alianza kukusanya msamiati ambao angeendelea nao hadi kufa.

Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na tarehe 25 Agosti mwaka huo walihamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya kisiwa. Wote wawili walikuwa na homa walipopanda, na wakajenga kwa mikono yao. Walikwenda kutoka boma hadi boma, shamba hadi shamba, wakizungumza na watu ambao wakati huo waliitwa Wanyika, na ambao leo tunawaita Wamijikenda. Injili ya Luka katika lugha ya Warabai ilipigwa chapa Bombay mwaka 1848.

Kwa hesabu za kibinadamu, matokeo yalikuwa kama bure. Mtu wa kwanza kuipokea imani yao alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa akiishi katika umaskini mkubwa. Krapf alikuwa akienda kibandani kwake na kuzungumza naye kwa saa nyingi. Mringe alibatizwa akiwa katika kitanda cha mauti. Shirika la Ulaya lililotarajia mataifa kuingia kanisani lilipata kiwete mmoja anayekata roho. Lakini Mkristo aijuaye Injili yake hana haki ya kushangaa. Katika kitabu kile kile cha Luka walichokitafsiri, karamu kubwa inapokosa wageni waalikwa, wanaoletwa ni maskini, vilema, viwete na vipofu. Krapf alikuwa ameyatafsiri maneno hayo akidhani kwamba yanahusu watu wengine. Maisha ya Rabai yalimfundisha kwamba yalikuwa yanamhusu yeye.

Mipango yake mikubwa iliporomoka mmoja baada ya mwingine. Kwa Waoromo hakufika. Mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hii hadi bahari ya magharibi, aliokuwa akiuota na kuuchora, haukutokea maishani mwake. Mwaka 1851, katika safari yake ya pili ya Ukambani, mwenyeji wake, mfanyabiashara maarufu Kivoi, aliuawa katika mashambulizi, na Krapf akarudi peke yake porini kwa njaa na kiu, akijificha mchana na kutembea usiku. Mwaka 1853, afya ikiwa imeharibika, aliondoka. Alirudi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo chao cha Ribe, kisha akarudi tena Ujerumani. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, alipoondoka akiwa kipofu baada ya miaka 29.

Huko Kornthal, Krapf aliendelea na maneno. Kwa miaka mingi, mbali na bahari ya Hindi, alipanga na kupanga upya msamiati aliousikia Mombasa. Tarehe 26 Novemba 1881 alifariki dunia, na watu walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Mwaka uliofuata, 1882, kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London, ikiwa na kurasa zaidi ya 400. Mpaka leo mtu anayetaka kuijua Kimvita ya katikati ya karne ya kumi na tisa hawezi kuikwepa. Mpishi, nahodha, fundi wa nyumba, mganga na mwanamke anayesuka ukili wamo humo, wakisema kwa lugha yao.

Singependa msomaji adhani kwamba namtangaza Krapf kuwa mtakatifu. Alikuwa na mapungufu mazito. Maandishi yake juu ya Uislamu ni makali na mara nyingi hayana haki, hata kwa watu waliompa kivuli na maji. Mila za Wanyika, ngoma zao na ibada zao kayani, alizihukumu upesi kabla ya kuzielewa. Aliamua kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi akitaka, pamoja na sababu nyingine, kukitenga na athari ya Kiarabu. Uamuzi huo umerahisisha usomaji kwa mamilioni, lakini pia umewafanya wajukuu wa Mvita washindwe kuisoma miswada ya mababu zao. Na ramani za safari zake na za mwenzake ziliwafaa watu waliokuja baadaye na makusudi mengine kabisa. Mtu anaweza kuwa mwaminifu katika neno moja na asione mbali katika jingine.

Lakini tazama jinsi kazi yake ilivyomshinda yeye mwenyewe. Alitaka kukitenga Kiswahili cha Wakristo na Uislamu, na chombo alichokitumia kilikuwa ni maneno ya Waislamu. Kila ukurasa aliouandika ulimrudisha kwa Kadhi. Karne iliyofuata, Mjerumani mwingine, Karl Roehl, alijaribu kwa makusudi kuyapunguza maneno ya asili ya Kiarabu katika tafsiri yake ya Biblia iliyokamilika mwaka 1937, na kuweka ya Kibantu mahali pake. Ilikuwa kazi ya msomi mwenye nia njema. Hata hivyo, Biblia iliyoshika mizizi katika Afrika Mashariki ni Union Version ya mwaka 1952, ambayo iliyaacha maneno yale kama watu walivyoyazoea. Waumini walijua kwamba dhambi ni dhambi na rehema ni rehema, na hawakuona sababu ya kuyafukuza maneno waliyokuwa wakiyalilia. Watu wa Mombasa, kwa upande wao, walipoteza kitu katika mapatano hayo, kwa sababu Biblia ya Kimvita ya mwaka 1914 ilibaki kando na lugha ya Unguja ikachukua kiti.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende akalitazame Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana, lililojengwa mwaka 1905, si mbali na Mji wa Kale. Lina kuba na matao, na mgeni asiyejua anaweza kudhani ni msikiti. Waliolijenga walifanya kwa mawe jambo ambalo wafasiri walikuwa wamekwisha kulifanya kwa maneno.

Kwa nini nayasema haya katika gazeti badala ya kuyaacha darasani? Ni kwa sababu mji wetu una wahubiri, wa pande zote mbili, wanaosimama viwanjani na vipaza sauti na kuwatukana majirani zao. Mhubiri wa Kikristo anayefanya hivyo humtukana jirani kwa maneno aliyopewa na jirani huyo. Akiondoa katika mahubiri yake kila neno lililopitia msikitini, hatabakiwa na neno la kuwaitia watu kwenye toba. Na Mwislamu anayemwona Mkristo wa Kiswahili kuwa ni mzushi wa kigeni anasahau kwamba Kadhi wa mji huu aliiona lugha yake kuwa pana ya kutosha kumkaribisha mgeni na kitabu chake.

Ujirani huu haukuletwa na wanasiasa, wala haukutungwa na mikutano ya amani inayoitishwa baada ya vurugu. Umo ndani ya Biblia ya Kiswahili yenyewe, sura kwa sura. Kwa hiyo nashauri mambo mawili yanayowezekana. La kwanza, vyuo vinavyowafundisha wachungaji wetu viwe na somo la historia ya maneno ya imani, ili kijana atakayesimama mimbarini ajue riziki, neema na rehema zimetoka wapi na zina maana gani kwa mvuvi na kwa mjane. La pili, popote tunapoliandika jina la Krapf, katika vitabu vya shule, katika makumbusho ya Rabai au katika ibada za ukumbusho, tuliandike kando yake jina la Sheikh Ali bin Mohaddin, Kadhi wa Mombasa. Haitatugharimu chochote ila wino, na itakuwa ni kulipa sehemu ndogo ya deni la muda mrefu.